Mipira mipya ya pikipiki ya spoti: angalia mabega, si kilomita

Kabla ya kuuliza bei, soma ubavu wa mpira. Honda CBR600RR inavaa 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Yamaha R15 za karibuni zinavaa 100/80-17 na 140/70-17. Fuata kipimo cha kiwanda. Mpira mpana kuliko rimu yake unabanwa, mgongo unachongoka, na ukilala kwenye kona unakanyaga lami vibaya kuliko ule mwembamba uliouacha. Mara nyengine unasuguana na cheni pia.

Halafu tafuta nambari nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira uliotundikwa nje ya duka, jua na upepo wa bahari vikiupiga mchana kutwa, unakauka hata kama haujawahi kugusa barabara. Ukunje ubavu kwa vidole: ukiona nyufa ndogo ndogo, rudisha, hata ukipunguziwa bei.

Mipira laini ya mashindano haina kazi Unguja. Inataka moto mwingi ili ishike, na baina ya matuta na daladala zinazosimama ghafla, moto huo hauupati. Michirizi yake pia ni michache, na masika ya Machi hadi Mei barabara zinajaa maji. Chukua mpira wa spoti wa safari: katikati mgumu kidogo, pembeni laini, michirizi ya kutosha. Barabara zetu nyingi zimenyooka, kwa hiyo ni katikati ndiko kunakoliwa kwanza.

Kwa fundi, simama uangalie. Mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Valvu ya mpira ibadilishwe papo hapo. Kwenye rimu za aluminiamu chumvi huacha unga mweupe pale mdomo wa mpira unapokaa. Usiposuguliwa ukatoka, upepo utavuja polepole na utalaumu mpira bure. Baada ya kujaza, mstari mwembamba uliozunguka ubavu uwe umbali sawa na rimu pande zote. Ukizama mahali, mdomo haujakaa: toa upepo, paka sabuni, jaza tena. Kabla ya kuondoka kaza ekseli, pima ulegevu wa cheni, na minya breki mara kadhaa hadi ishike, maana pedi husukumwa nyuma gurudumu linapotolewa. Anayesahau hilo hugundua kwenye makutano ya mwanzo.

Sasa kuuzoeza. Mpira mpya una uso laini unaong'aa kutoka kwenye kalibu, na tabaka zake za ndani bado hazijakaa sawa. Sabuni ya kufungia nayo ikiwa bado mbichi, breki ya ghafla inaweza kuuzungusha mpira juu ya rimu. Ndiyo maana husemwa kilomita 160 za upole: gesi taratibu, breki taratibu, kona bila pupa.

Tatizo ni kwamba kilomita hizo unaweza kuzimaliza kwa kutoka mjini kwenda Nungwi na kurudi, na safari nyengine fupi juu yake, bila kulala hata kona moja ya maana. Katikati pameshakwaruzika, mabega, yaani pembeni mwa mpira, bado yanang'aa kama siku ya dukani. Kisha unaingia kwenye kipilefti kwa kujiamini, lami ina mchanga au mafuta ya dizeli, na sehemu unayoilalia ndiyo kwanza inakutana na barabara.

Tafuta lami kavu, safi, isiyo na watu, asubuhi. Zunguka duara pana kushoto, kisha kulia, kila mara ukilala kidogo zaidi, kwa mwendo ule ule. Shuka uangalie: pale pa kung'aa pakigeuka kuwa na weusi uliofifia, umefika hapo, na usilale zaidi ya hapo siku hiyo. Usipake petroli wala dawa ya kung'arishia matairi. Petroli inaharibu mpira, na hiyo dawa inautelezesha zaidi.

Presha pima mpira ukiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, kwa namba za kitabu cha pikipiki. Psi 36 mbele na 42 nyuma ni kawaida kwa pikipiki kubwa za aina hii, ndogo zinataka pungufu. Ukipima baada ya safari namba itakuwa juu. Usipunguze upepo.