Taa ya vifaranga haikunitibu kichwa

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga, na nilipasuka kichwa kwa breki nilizozifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Cheka kwanza, nakusubiri.

Hospitali walinipiga picha ya kichwa, wakasema damu haikuvujia ndani, ni mtikisiko wa ubongo. Nipumzike siku mbili tatu, kisha nirudie shughuli taratibu. Hiyo "taratibu" haikufika nyumbani. Shemeji alitundika mablanketi madirishani, mama mkwe akapiga marufuku redio, na kila aliyekuja kunipa pole aliniusia giza. Nikakaa kama popo karibu miezi miwili. Mchana nasinzia na kijiko mkononi, usiku macho makavu nahesabu misumari ya paa. Nilipoanza kusahau majina ya wateja, jirani akasema huo ni upepo mbaya, nitafutiwe mtu Pangani.

Ndipo nikajitia udaktari. Nilisoma kwenye simu kwamba mwanga mwekundu unasaidia ubongo ulioumia. Mwekundu? Mbona tunao! Mama watoto alikuwa na vifaranga hamsini na taa yao nyekundu, wati 250. Usiku ule niliiiba, nikaining'iniza kwa waya wa breki juu ya kiti, nikakaa chini yake kichwa wazi. Dakika kumi za mwanzo niliona raha, wallahi. Kisha nikasikia harufu ya nywele. Vifaranga nao, baridi ilipowazidi, wakafuata joto: wawili mapajani, mmoja begani, waliobaki miguuni. Mama watoto aliingia akanikuta natiririka jasho nimezungukwa na mifugo yake. Hakusema neno. Alichukua taa, vifaranga wakaandamana naye, nikabaki gizani na kipara cha ukubwa wa kisahani. Umeme wa elfu kumi ulikuwa umekwisha pia, sijui kwa taa hiyo au kwa laana.

Mpwa wangu anasomea udaktari. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakata simu. Alipopiga tena: "Shikamoo mjomba. Umesoma nusu." Kumbe mwanga mwekundu wanaoutafiti ni wa vifaa maalumu, hasa ule usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 810 hivi, unaolenga vinu vya nguvu ndani ya seli. Mwaka 2011 watafiti wa Boston walieleza wagonjwa wawili waliopata nafuu, lakini bado hiyo si dawa ya kujiwekea sebuleni. Taa ya vifaranga kazi yake ni joto tu.

Habari iliyonihusu, akasema, ni ya Arizona, Marekani, 2020. Watu 32 waliotikisika ubongo walikaa mbele ya taa nusu saa kila asubuhi kwa wiki sita, wengine ya buluu, wengine ya rangi ya kaharabu, yaani manjano iliyokoza, ya kulinganishia. Wa buluu wakawahi kulala na kuamka, na usingizi wa mchana ukapungua. Ile buluu huirekebisha kupitia macho saa ya mwili, ile inayopanga kulala na kuamka. Taa kama ile sikuwa nayo, ila mwanga wa nje una buluu tele, na asubuhi ya Tanga hailipiwi.

Tatizo ni kuamka. Hapa najisifu: niliwatangazia wachuuzi wa samaki kwamba atakayeniletea baiskeli dikoni, pale samaki wanaposhushwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi atalipa nusu bei. Siku ya tatu nililala, wakaja wanne mlangoni, pancha mkononi na matusi mdomoni. Tangu hapo sikuchelewa. Nilikwenda nikikokota baiskeli, kupanda bado kizunguzungu kilinikataza, nikaziba pancha nimeelekea baharini. Jua lenyewe usilitazame, utaongeza ugonjwa wa macho. Siku kichwa kilipogonga nilihamia kivulini, maana hata kivulini nje kuna mwanga kuliko ndani. Na ukianza kutapika au kuchanganyikiwa, acha bahari, kimbilia hospitali.

Wiki ya tatu nililala saa nne usiku, shemeji akadhani nimezimia. Ilipofika wiki ya sita, mchana nilikuwa macho. Majina bado yananitoroka, kila mteja namwita "bosi" na hakuna aliyelalamika. Mablanketi nimeyashusha mwenyewe.

Taa ya vifaranga sasa inafungwa kwa kufuli la baiskeli. Kufuli ni la dukani kwangu, ufunguo anao mama watoto.