Tabo kwenye injini ya kawaida: yaliyonikuta

Jamani, tabo nimeifunga, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa zaidi. Wikendi tatu nzima mimi na fundi wangu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Injini ni ile ile ya kiwandani, silinda nne, mgandamizo 10.5 kwa 1. Hapo ndipo penye kesi: injini hiyo tayari inabana sana, ukiisukumia hewa zaidi petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake.

Nilianza na presha ya tabo ya psi 6 (psi ni kipimo cha presha). Gari likawa jingine kabisa! Mluzi wa tabo ukianza kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika unajikuta unacheka peke yako. Tamaa ikanishika, nikapandisha hadi 9, injekta (zinazopulizia petroli) zile zile, kompyuta ya injini haijaguswa. Siku ya pili napanda mlima, nikasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo: petroli inalipuka ovyo. Nikaachia mafuta palepale.

Kuchomoa plagi ya silinda ya tatu, kauri ina vidoti vinavyong'aa kama vumbi la fedha. Ile ni alumini ya pistoni yenyewe. Injekta zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo, hewa nyingi, petroli kidogo.

Sasa nimerudi psi 6, injekta kubwa zimeingia, taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, imerudishwa nyuma. Nikitoka kukimbia naiacha injini ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima, oili iipoze shafti ya tabo. Pistoni bado zile zile, naziombea. Kesho namwaga oili nione kama ina chengachenga za chuma.