Kanga moja, sini tisa

Nilipomaliza TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, mwaka 2018 nilikuwa na sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, na nilijivunia. Bagamoyo tulifundishwa hivyo: mzee aliyekaa mstari wa mwisho naye amelipa kiingilio, lazima asikie. Sasa ingia kwenye sebule ya kukodi Mbezi Beach, kamera iko hatua mbili kutoka usoni, maiki inaning'inia juu ya kichwa, halafu useme "Shikamoo baba, chakula tayari" kwa sauti ile ile. Kaka wa sauti alivua hedifoni akazilaza mapajani. Dairekta wala hakukasirika. "Mdogo wangu," aliniuliza, "unamwambia baba au unawaambia majirani?"

Nilikuwa nimepata nafasi ya dada wa kazi kwenye tamthilia. Sini tisa tu, yaani natokea kwenye vipande tisa vya hadithi. Kwenye usaili tulikuwa wengi, na baadaye niliambiwa kilichonipitisha ni kwamba nilibeba sinia la glasi bila kuziangalia. Miaka yote chuoni, kumbe nimepita kwa kazi niliyojifunza kwa shangazi.

Mama, huko Morogoro, alifurahi kunizidi. Kwa rika lake uigizaji ni Kaole, michezo ya ITV iliyokuwa ikiwakusanya mtaa mzima kwenye sebule ya mwenye televisheni. Steven Kanumba alitokea humo, na alipofariki Aprili 2012 mama alilia kama aliyefiwa na mdogo wake. Nilipochaguliwa kwenda Bagamoyo aliamini nimekwenda kwa kina Kanumba, maana alishasikia Kaole iko huko. Kaole ya Bagamoyo ni magofu, misikiti na makaburi ya kale; kundi la sanaa lilikuwa Dar. Nilimweleza mara mbili, nikamwacha na furaha yake.

Sauti niliipunguza kwa njia ambayo chuoni haipo. Sinza tulipanga chumba wawili, na mwenzangu alikuwa muuguzi. Akitoka zamu ya usiku analala mchana. Mazoezi yangu niliyafanya akiwa amelala. Akiamka, nimekosea, narudia. Baada ya wiki hivi niliweza kugombana kitanda kwa kitanda naye asijigeuze hata ubavu.

Kilichonisumbua kweli ni kanga.

Tamthilia haishutiwi kwa mfuatano wa hadithi. Nyumba inalipiwa kwa siku, kwa hiyo sini zote za jikoni zinapigwa kwa mkupuo, ziwe za wiki gani. Asubuhi nalia nimefukuzwa kazi, mchana nafika getini mara ya kwanza na begi langu, nashangaa ghorofa. Katikati unasubiri adhana iishe, bodaboda apite, kunguru wa Dar wachoke, nao hawachoki. Nguo za uhusika tulikuja nazo wenyewe toka nyumbani. Mimi nilikuja na kanga yangu nyekundu, imeandikwa "Wema hauozi", nikajifunga, nikatoka mlango wa jikoni huku nalia. "Kati!" dairekta akakata. "Safi."

Upande wa nje wa mlango ule ulikuja kushutiwa baada ya miezi miwili, kwenye nyumba nyingine. Kwa mtazamaji ni hatua moja tu: mguu ndani, mguu nje. Niliambiwa jioni, baada ya siku tatu nije na kanga ile. Kanga ile ilishaenda hospitali na dada yangu, ikampokea mtoto, na ikabaki huko huko na mtoto.

Asubuhi nilikwenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nikaingia duka kwa duka na picha kwenye simu. "Hiyo ilishapita, dada," wakaniambia wote. Nilikaa kwenye kibaraza pale nikiwaza namna ya kumwambia dairekta, ndipo nikakumbuka kwamba kanga hazinunuliwi moja. Ile doti tuligawana na mama. Nikapiga simu, mama akafungua sanduku, akampa kondakta wa basi, na saa moja usiku nikaipokea Ubungo ikiwa kwenye mfuko wa Rambo.

Ilikuwa nyekundu kama damu! Ya kwangu ilishafuliwa mpaka imechoka, hii haijawahi kuona maji. Niliifua mara tatu usiku ule kwa sabuni ya unga, kesho yake nikaianika juani asubuhi hadi jioni. Ilipauka kiasi, si sana. Mpaka leo ukiangalia kipande kile utaona dada wa kazi anaingia mlangoni na kanga kuukuu, anatokea upande wa pili na kanga ya sikukuu.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari. Kila wakikata, napiga picha: nywele zimelala upande gani, sinia liko mkono upi, juisi imebaki kiasi gani kwenye glasi. Siku moja mwigizaji mkubwa alibishana na dairekta kama sini iliyopita alivaa saa. Nilifungua simu, nikawaonyesha. Alivaa, mkono wa kulia. Wiki iliyofuata niliitwa siku ambayo sikuwa na sini hata moja, kazi yangu kukaa pembeni na kukumbuka vitu, kwa elfu 30. Pesa yenyewe ilichelewa wiki sita na nauli nilikuwa nakopa kwa muuguzi wangu, lakini nilikuwa lokesheni kila siku. Ikitokea wanahitaji mtu wa kurudi kwenye ile nyumba, mimi nipo pale pale. Dada wa kazi aliyefukuzwa alirudishwa. Sini tisa zikafika thelathini na kitu.

Sasa hivi nacheza mwalimu kwenye tamthilia nyingine. Blauzi za mtumba nimeacha kuzitumia kwenye kazi, maana mtumba uko mmoja, ukipotea umepotea. Nanunua dukani, mbili mbili zinazofanana, nafua zote hata ambayo sijaivaa ili zipauke pamoja, kisha nazifungia kwenye begi lenye kufuli. Dada yangu ni mjamzito tena, na ameshaniuliza humo ndani mna nini.