Gunia la Mawe na Kamba ya Katani

Kiangazi cha 2009 nilikuwa Chamonix, mji wa wapanda milima huko Ufaransa, na jioni moja tulionyeshwa Premier de cordée, filamu ya Louis Daquin iliyopigwa katika milima hiyohiyo mwaka 1943, Ufaransa ikiwa imevamiwa, ikatoka 1944. Jina hilo ni la yule anayetangulia kwenye kamba. Hadithi yenyewe imetoka kwenye riwaya ya Roger Frison-Roche, naye alikuwa mwongozaji wa wapanda mlima hapohapo. Kijana Pierre anampoteza baba yake kwa radi. Kisha yeye mwenyewe anaanguka, na tangu siku hiyo akisimama juu kizunguzungu kinamshika.

Mwenzangu wa Nanyuki akauliza: kwa nini wanahofu hivyo kwamba anayetangulia ataanguka, na kamba anayo kiunoni?

Kesho yake asubuhi mzee mmoja, mwongozaji mstaafu wa wapanda mlima, alitujibu kwa vitendo. Alileta kamba ya katani ya zamani, nyuzi tatu nene zilizosokotwa pamoja, unene milimita 12. Nje ilikuwa safi, rangi ya asali. Akaipinda kinyume cha msokoto mpaka nyuzi zikaachana: ndani vumbi la kijivu, na harufu ya kuvu. Kamba ya katani huozea ndani, kwa sababu maji yakishaingia hayatoki upesi. Ndiyo maana walikuwa wakiianika kivulini, imelegezwa, mbali na jiko; moto huifanya iwe kavu na kukatika kama nyasi. Ikilowa hufura na kujinyonga, baridi ikizidi huganda ikawa kama fimbo, na hapo hata kufunga fundo ni kazi.

Tukajaza gunia mawe, kilo 40. Tukafunga mita 3 za kamba ile kwenye boriti ya ghala, tukalipandisha gunia hadi usawa wa boriti, tukakaa kando, tukaliachia. Kamba ilikatika kwa mlio mkavu, karibu na fundo, mahali inapopindwa zaidi. Tukarudia kwa kamba ya nailoni. Gunia lilishuka, kamba ikavutika, likarudi juu kidogo, likaning'inia.

Jibu lote lilikuwa hapo. Katani haivutiki vya kutosha, kwa hiyo nguvu yote ya kuanguka hufika kwa pigo moja. Anayefuata nyuma kamba inamtoka juu. Akiteleza hashuki hata mita moja. Anayetangulia, akiwa mita 4 juu ya mwenzake bila msumari wowote wa kupitishia kamba mwambani katikati, ataanguka mita 8 kabla kamba haijakaza, tena imefungwa kiunoni tu, bila mikanda ya mapajani. Ikikatika, amekwenda. Isipokatika, mbavu zinavunjika, au anamng'oa mwenzake, ambaye wakati huo alizuia kwa mwili wake: kamba inapita chini ya kwapa, mgongoni, na kutokea juu ya bega la pili. Akisimama amekunja goti, au kamba ikivuta kutoka upande asioutarajia, anapinduliwa. Basi kanuni ya zama hizo ilikuwa moja: anayetangulia haanguki.

Mwenzangu alikaa kimya, kisha akawataja Waitaliano watatu, Felice Benuzzi na wenzake, mateka wa vita waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 wakapanda Mlima Kenya, wawili wao hadi kilele cha Lenana, kwa kamba za mkonge walizozitoa kwenye vitanda vyao. Tuliijua habari hiyo tangu utotoni. Siku ile ndipo tulipojua walikuwa wameshika nini mikononi.

Usiku tuliomba filamu irudiwe. Safari hii sikumtazama anayepanda. Nilitazama mikono ya aliye chini: anavyoiachia kamba kidogo kidogo, haikazi, haining'inii, macho yake yakiwa juu muda wote.