Wilbaro ya njano siku hizi haitoki nje

Jirani yangu muuza mboga alimpigia William Ruto kampeni ya urais wa Kenya 2022 utadhani ni ndugu yake wa tumbo moja. Wilbaro aliipaka rangi ya njano, na kofia ya UDA, chama cha Ruto chenye alama ya wilbaro, haikutoka kichwani. Leo ukimtaja Rais pale kibandani, anakuuliza kama unanunua sukuma au huna kazi ya kufanya.

Mimi niliona upepo ukibadilika 2023, Sheria ya Fedha ilipopandisha kodi ya VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na juu yake makato ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara. Nauli ikapanda. Kwenye matatu jina la Ruto likawa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia. Halafu Juni 25, 2024 vijana wakaingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, kesho yake Ruto akakataa kutia saini mswada huo wa serikali yake mwenyewe, na Julai 11 akawafuta karibu mawaziri wote.

Tuseme ukweli, kile kiti si mchezo. Madeni mengi aliyakuta, shirika la fedha la IMF linataka kodi iongezwe, mwananchi anataka unga. Lakini bwana, kushusha gharama ya maisha aliahidi yeye, hakulazimishwa na mtu.