Chupa zisizo na mwenyewe: siku yangu moja kwenye usalama wa chuo kikuu

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuwasha kompyuta napita jengo la sayansi kwa miguu. Sikagui, natazama tu. Mitungi ya kuzimia moto mshale wake uko kwenye kijani, sawa. Mlango wa dharura umezibwa na makasha ya printa, yale yale ya wiki jana. Namwita mlinzi, tunayasogeza, napiga picha na kumtumia mkuu wa idara. Atajibu "asante" na kesho kutwa makasha yatarudi.

Saa 2:15. Ujumbe kutoka maabara ya kemia: "Tumekuta chupa ya zamani ya etha nyuma ya kabati. Tuifungue tuone kama bado ni nzima?"

Huo sikuujibu kwa maandishi, nilipiga simu. Msiifungue, msiitikise, tokeni, fungeni mlango, nakuja.

Etha, kiyeyusho cha maabara, ikikaa muda mrefu na hewa hutengeneza peroksidi, kemikali zinazolipuka kwa urahisi, na hizo huweza kuganda kama chembe nyeupe shingoni mwa chupa. Ukizungusha kifuniko unazisugua, na msuguano huo unatosha kuilipua. Ndiyo maana chupa za namna hii huandikwa tarehe mbili: ya kupokelewa na ya kufunguliwa.

Saa 2:40. Mlangoni ananisubiri fundi sanifu wa maabara, mtu aliyekaa hapo muda mrefu kuliko profesa yeyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile chupa ina jina, lakini mwenyewe keshahitimu siku nyingi."

Nilimulika tochi kutoka mlangoni. Chupa ya kahawia, lebo imefifia, jina moja tu kwa kalamu ya wino, tarehe hakuna, na chini ya kifuniko kuna ukoko mweupe. Sikusogea zaidi. Nikabandika tangazo, nikawahamisha wa vyumba vya jirani, nikawapigia wataalamu wa kuteketeza kemikali hatari. Wanafunzi waliokuwa kwenye ushoroba walitarajia nivae mavazi mazito niingie. Samahani, kazi yangu hapo ilikuwa kutofanya kitu.

Kiwandani kemikali ina mwenyewe: ghala linajua imeingia lini na inatoka lini. Chuoni mwanafunzi wa uzamivu ananunua, anafanya majaribio yake, anatetea tasnifu, anapata kazi mbali, na chupa zinabaki. Anayekuja nyuma yake hazijui, anaziogopa, anazisukuma ndani zaidi. Kanuni tunazo za kutosha. Tunachokosa ni mtu wa kuulizwa.

Saa 4:00. Ukaguzi, maabara ya biolojia. Bomba la kuoshea macho limetoa maji ya rangi ya kutu, maana yake halijafunguliwa muda mrefu. Linatakiwa kufunguliwa kila wiki. Kiwango tunachofuata ni kulifikia ndani ya sekunde 10 na kuosha jicho dakika 15 mfululizo. Hebu jaribu kuhesabu dakika 15 jicho likiwaka, halafu maji yenyewe ni hayo.

Kabati la kuvuta mvuke nalo limegeuzwa stoo. Kipimo kinataka hewa iingie kwa kasi ya karibu mita 0.5 kwa sekunde. Mbele ya makasha kifaa changu cha kupimia kilisoma nusu ya hapo. Tukatoa makasha, kasi ikapanda bila fundi wala senti.

Saa 6:00. Karakana. Kijana amevaa glavu kwenye mashine ya kukereza. Tumezima, amevua, tumeongea. Glavu ikinaswa na kinachozunguka, mkono unafuata.

Saa 7:00 mchana. Fomu. Tuziache.

Saa 8:00. Mafunzo ya wanafunzi wapya. Nawaonyesha alama tisa za hatari zenye fremu nyekundu, za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa 2003, na karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali, yenye sehemu 16. Hakuna anayezisoma zote, kwa hiyo nawabana kwenye tatu: ya 4, huduma ya kwanza, ya 8, kinga, ya 10, kemikali hii haitakiwi kukutana na nini.

Halafu nawasimulia habari za Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth, Marekani. Agosti 1996 alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu ya mpira. Alikuwa amevaa kinga iliyoaminika wakati huo. Sumu ilipenya, na Juni 1997 akafariki. Hapo ndipo maswali ya glavu huanza kuja yenyewe.

Saa 9:30. Msichana mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake walipotoka.

"Dada, nikikwambia kitu profesa wangu atajua ni mimi?"

Chupa yao ya taka ilikuwa inafoka. Mtu alimimina asidi ya naitriki kwenye taka yenye etanoli, mwingine akaikaza kifuniko. Mchanganyiko huo hutoa gesi, wakati mwingine baada ya saa kadhaa, na chupa iliyofungwa hupasuka. Tulikuta tayari wameilegeza na kuiweka ndani ya kabati la kuvuta mvuke, kioo kimeshushwa. Vizuri. Chumba kikafungwa. Kwa profesa niliandika "taarifa imepokelewa", bila kutaja aliyeitoa. Akiumbuliwa huyu, mwakani hakuna atakayeniambia chochote.

Saa 10:45. Wataalamu wamefika na vifaa vyao, jengo upande ule limeondolewa watu. Nilisimama kwenye kizuizi, kazi ikawa yao. Hakuna mlipuko, hakuna habari. Nikawaongoza pia kwa ile chupa ya taka.

Saa 11:30 jioni. Nimemwandikia mkuu wa kitivo: mwanafunzi asisainiwe kuondoka kabla hajakabidhi kemikali zake kwa mtu mwenye jina, chupa kwa chupa. Jibu limekuja haraka kuliko nilivyotegemea: litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho ni baada ya mahafali. Nimeomba ofisi ya masomo orodha ya wanaomaliza muhula huu. Kesho naanza na wa kemia.