Nani Anaruhusiwa Kupasua Kola?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii Wagalatia 3:28 haikuniacha nipumue. "Hapana mtumwa wala huru." Nilikuwa nasoma habari za ndugu zetu Waigbo, kusini-mashariki mwa Nigeria, na andiko likawa linanijia kila nikifunga macho.

Kwao mgeni akifika huletewa kola, yaani kokwa za kutafuna, kwenye sahani. Sahani huzungushwa, waliopo waione, kisha mzee huinyanyua kokwa moja na kumwomba Chukwu, Mungu aliye juu ya vyote, awape uzima, watoto na amani. Huipasua, kila mtu akatafuna kipande chake, chungu kwelikweli. Husema aliyeleta kola ameleta uzima. (Wapo watakaosema huo ni upagani. Mimi nimeitika amina.)

Lakini osu hakuruhusiwa kuwapasulia kola waliozaliwa huru. Osu ni mtu aliyewekwa wakfu kwa mungu wa kijiji, yeye na uzao wake wote. Hakuoa kwa waliozaliwa huru, hakukaa kati yao. Wamisionari walipoingia Onitsha mwaka 1857 na kusonga vijijini, waliotengwa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipokea Injili. Mwaka 1956 serikali ya Jimbo la Mashariki ikapiga marufuku utengano huo kwa sheria.

Na bado! Kijana na binti wanaimba kwaya moja, wanashiriki meza moja ya Bwana. Wakitaja ndoa tu, wanatumwa watu kijijini kuchunguza ukoo kimyakimya. Likisikika neno osu, uchumba umekufa. Anayeuvunja ni nani? Mara nyingi ni mzee wa kanisa, ni mama anayefunga na kuomba.

Hapo ndipo ninapochomwa. Mungu yule wa kijiji hawamwabudu tena, pa matambiko pameota majani, lakini amri yake bado wanaitii watu waliobatizwa! Kristo alikibomoa kiambaza cha kati. Nani ametutuma tukijenge upya? Usiniambie ni mila. Mila ya kuombea uzima ishike. Hii ya kumnyima mtu mke kwa sababu ya babu wa babu yake, hapana.

Na wewe unayeuliza "ni kabila gani?" kabla hujauliza kama anamcha Mungu, usiwacheke Waigbo. Kama kuna kijana nyumbani kwako anaogopa kukutajia mchumba wake, mwite leo jioni, umsikilize mpaka amalize.